Larwood aliangushiwa jumba bovu

Mhariri,

Makala ya mwandishi wako kuhusu vurugu katika historia ya kriketi ilikuwa inanoga mpaka nilipofika kwa Harold Larwood, mrushaji mpira wa kasi wa Uingereza. Kumwita mhuni aliyesafiri hadi Australia kwenda kuvunja watu mbavu ni kumwonea marehemu. Naomba nafasi nimtetee, maana yeye mwenyewe alikaa miaka mingi bila kujitetea sana.

Larwood alizaliwa mwaka 1904 huko Nuncargate, kijiji cha wachimba makaa ya mawe Nottinghamshire. Alipofika miaka 14 alikuwa tayari mgodini, akihudumu na farasi wadogo waliokokota makaa chini ya ardhi. Hakuwa pandikizi la mtu, hakufika hata sentimita 180, lakini alirusha mpira kwa kasi ambayo wapigaji wa zama zake waliihofu kuliko ya mrushaji mwingine yeyote. Kaunti yake ilimchezesha kuanzia 1924, na miaka miwili baadaye akaitwa timu ya taifa.

Jambo ambalo mwandishi wako hakuligusa ni kwamba kriketi ya Uingereza wakati huo ilikuwa na matabaka mawili ndani ya timu moja. Walikuwapo mabwana, waliocheza bila mshahara kwa kuwa walikuwa na mali au jina, na walikuwapo wachezaji wa kulipwa kama Larwood. Kwenye viwanja vingi kila kundi lilikuwa na chumba chake cha kubadilishia nguo, hata lango lake la kuingilia uwanjani. Kwenye karatasi ya matokeo, bwana aliandikwa herufi za majina yake kwanza kisha jina la ukoo; wa kulipwa aliwekewa herufi zake nyuma, kama mzigo wa ziada. Nahodha wa Uingereza alikuwa bwana. Mtu wa mgodini hakumwambia nahodha kwamba mpango wako siutaki.

Na mpango ulikuwa wa nahodha. Mwaka 1930 Don Bradman, mpigaji wa Australia, aliitandika Uingereza mikimbio 974 (ndizo pointi za mpigaji) katika mfululizo mmoja wa mechi, na Larwood alikuwa miongoni mwa walioadhirika. Kabla ya safari ya Australia ya 1932, Douglas Jardine, nahodha wa Uingereza, aliketi hotelini London na Larwood, mrushaji mwenzake Bill Voce na nahodha wao wa Nottinghamshire, Arthur Carr, akawauliza kama wangeweza kurusha mfululizo kuuelekea mguu na mwili wa mpigaji. Waangalizi, yaani wachezaji wa kudaka mpira, wangejazwa upande huo huo wa miguu ya mpigaji, karibu karibu. Mpira unaruka kuja mbavuni: ukikwepa vibaya unakupata, ukijikinga kwa gongo unamwangukia mtu mikononi. Kofia ngumu za leo hazikuwapo. Swali alilouliza Jardine lilihitaji mrushaji mwenye shabaha, na shabaha ndiyo iliyokuwa fahari ya Larwood.

Uzuri ni kwamba kulikuwa na mtu aliyekataa. Gubby Allen, mrushaji wa kasi wa timu hiyo hiyo, alimwambia Jardine hatarusha namna hiyo, na aliendelea kuchezeshwa kama kawaida. Allen alikuwa bwana. Baadaye akawa nahodha wa Uingereza, akaongoza MCC, klabu iliyosimamia kriketi ya Uingereza, akapewa heshima ya kuitwa Sir. Sisemi hakustahili. Nasema tu kwamba dhamira yake haikumgharimu mkate.

Adelaide, Januari 1933, Larwood alimpiga nahodha wa Australia, Bill Woodfull, juu ya moyo. Mpira ule ulirushwa waangalizi wakiwa wamepangwa kawaida, si kwa mpango wa Jardine. Woodfull akiwa bado anajikunja, Jardine alimpongeza Larwood kwa sauti, na inasemekana alitaka Bradman, aliyekuwa upande wa pili, asikie. Muda mfupi baadaye akawahamishia waangalizi upande wa mguu. Bert Oldfield naye alipasuka fuvu katika mechi hiyo, tena wakati waangalizi wamekaa kawaida, na mwenyewe alisema kosa lilikuwa lake. Haya yote yamo katika kumbukumbu, na mwandishi wako angeyaona kama angetafuta.

Uingereza ilishinda mechi nne kwa moja. Larwood alichukua wiketi 33, yaani aliwatoa wapigaji mara 33. Wastani wa Bradman, ambao ulikuwa 139 mwaka 1930, ulishuka hadi 56. Katika mechi ya mwisho, Sydney, Larwood aligonga mikimbio 98 na umati uliokuwa ukimzomea msimu mzima ukampigia makofi. Kisha mguu wake wa kushoto ukavunjika akirusha. Aliomba kutoka. Jardine hakumruhusu kwa sababu Bradman alikuwa bado yumo. Akamsimamisha uwanjani, kiwete, ili Bradman asijue kwamba hatarusha tena. Bradman alipotolewa na Hedley Verity ndipo Larwood akaachiwa, na wawili hao wakatoka pamoja bila kusemezana.

Hakuichezea Uingereza tena. Nyumbani, wakubwa walioshangilia ushindi walianza kuona haya, kwa kuwa ugomvi na Australia ulikuwa umefika serikalini. Mwaka 1934 Larwood alitakiwa aiombe radhi MCC. Alijibu kwamba hana cha kuombea radhi, kwa kuwa alitii maagizo ya nahodha. Jibu hilo lilimfungia mlango akiwa hajatimiza miaka 30. Mechi zake za Testi, yaani zile kubwa za timu za taifa, zikabaki 21, wiketi 78. Jardine aliendelea kuwa nahodha, akaiongoza timu India msimu wa 1933-34 na kuacha kwa hiari yake. Kwa Larwood alikuwa ameacha kijisahani cha fedha cha kuwekea majivu ya sigara, kimeandikwa shukrani. Sijui ni nani angekipokea badala ya kazi.

Aliichezea kaunti yake hadi 1938, na hesabu zake za mechi zote za daraja la kwanza, za kaunti na za taifa, zinatisha: wiketi 1,427 kwa wastani wa mikimbio 17 na ushei kwa kila wiketi. Baada ya vita aliuza peremende Blackpool. Aliyemshawishi ahamie Australia ni Jack Fingleton, mmoja wa wapigaji wa Australia walioionja mipira ile mwilini. Mwaka 1950 akapanda meli Orontes na mkewe na mabinti watano, meli ile ile iliyoipeleka timu mwaka 1932, akaishi Sydney hadi alipofariki mwaka 1995. Nishani ya serikali ya Uingereza ilimfikia akiwa na miaka 88.

Kwa hiyo, Mhariri, kama gazeti lako linataka orodha ya wahalifu wa mfululizo ule, basi jina la kwanza liwe la Jardine, la pili la walioketi MCC. Larwood anaweza kuwekwa chini kabisa, na herufi zake nyuma.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Nairobi