Heri ya Noeli kwa mafundi sanamu wa Nyanda za Juu Kusini

Ndugu zetu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, tunawasalimu. Mvua imeshika, mabasi ya kutoka Dar yamejaa, na makanisani sanamu za pango zinatolewa stoo. Ndiyo wiki ya simu za fundi: Yosefu kavunjika mkono, ng'ombe hana pembe.

Salamu za mwaka huu tumezifungia ndani habari za sanamu ya shaba nyeusi ya nguva mdogo (msichana nusu samaki wa hadithini) wa Copenhagen, Denmark, anayekaa juu ya jiwe ufukweni, eneo la Langelinie. Tajiri wa bia, Carl Jacobsen, alivutiwa na onyesho la baleti (dansi ya jukwaani) la hadithi ya nguva huyo mwaka 1909 akaagiza sanamu. Edvard Eriksen akaichonga, ikazinduliwa Agosti 23, 1913. Sura ni ya mcheza baleti Ellen Price. Kukaa uchi mbele ya mchongaji alikataa (nani angemlaumu?), basi mwili ukafuatishwa wa Eline, mke wa Eriksen. Wageni hushangaa udogo wake: urefu mita 1.25, uzito kilo 175, haufiki hata magunia mawili ya mahindi.

Mateso yake sasa. Aprili 1964 alikatwa kichwa kwa msumeno, na kichwa kile hakikuonekana tena. Mwaka 1984 ukaenda mkono wa kulia. Januari 6, 1998, siku ya Epifania, kichwa kikakatwa mara ya pili; hicho kilirudishwa, kikaungwa Februari. Mwaka 2003 aling'olewa jiweni kwa baruti. Kichwa kipya cha 1964 kilirudi na sura ileile, kwa kuwa plasta ya asili, yaani sanamu ya jasi ya mchongaji, ilitunzwa. Shaba nyeusi huyeyushwa na kumiminwa upya. Pasipo plasta, fundi angekisia pua kwa kutazama picha.

Kwa hiyo, kabla hamjamuunga Yosefu, chukueni kalibu (umbo la kumiminia) ya mkono mzima uliobaki. Plasta hainawishwi kwa maji: hulainika, rangi ikabanduka. Tumieni brashi laini, kavu. Iliyonyeshewa iacheni ikauke ndani, kwenye hewa, siku kadhaa. Gundi haishiki plasta mbichi. Wala msiisimamishe moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji, maana unyevu hupanda kutoka miguuni. Wekeni ubao, nyasi juu yake, na nyasi ziwe kavu kweli, si zile zilizokatwa asubuhi baada ya mvua.

Sanamu za saruji za nje zina ugonjwa mwingine. Nondo ikikaa juujuu, maji hupenya, kutu huvimba na kupasua saruji. Kupaka rangi juu ya ufa ni kufunika kidonda kichafu. Bomoeni hadi chuma kionekane, kisugueni kutu yote, kisha zibeni kwa saruji moja kwa mchanga tatu, mfunike na gunia bichi siku saba. Desemba hii kumwagilia mtasaidiwa na mawingu. Turubai ni la saa za mwanzo, mvua isioshe saruji kabla haijashika.

Noeli njema, na Mwaka Mpya wenye kazi za kutosha.