Siterne ya lita 9,500 inayotoa lita 4,900

Wengi wanaotuomba devi (makadirio ya gharama) ya siterne, yaani tangi la maji, ya mawe hapa Goma huleta vipimo viwili tu: upana na kimo. Upana huo mara nyingi umepimwa kwa nje, kwenye siterne ya jirani iliyojaa maji, ambako utepe hauingii. Hesabu huanza kuharibika hapo.

Ukuta wa mawe ya volkano ni mnene. Tuseme sentimita 30. Siterne ya mviringo yenye upana wa mita 2.60 kwa nje ukiitoa ukuta wa pande zote mbili, ndani inabaki mita 2 kamili. Nusu kipenyo basi ni mita 1. Kimo cha ndani tukiweke mita 1.80.

Ujazo wake ni 3.14 × 1 × 1 × 1.80, yaani mita za ujazo 5.65, au lita 5,650 hivi. Mtu aliyetumia kipimo cha nje ataweka 1.30 mahali pa 1, naye atapata lita 9,550. Nusu kipenyo huzidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo zile sentimita 30 zinazaa lita 3,900 ambazo hazipo. Kosa baya kuliko hilo ni kuweka kipenyo chote mahali pa nusu: jibu linatoka mara nne.

Hata hizo lita 5,650 hutazitumia zote. Bomba la kumwagia maji yanayozidi tunaliweka sentimita 15 chini ya ukingo, na robine, yaani bomba la kutekea, sentimita 10 juu ya sakafu ili matope na majivu yaliyotoka kwenye bati yatulie chini. Maji ya kuteka yana kimo cha mita 1.55, nayo ni lita 4,867: bidoni (madumu) 243 za lita 20. Namba hii ndiyo ya kudai kwa fundi yeyote, sisi tukiwemo.

Simenti ya krepi, yaani plasta ya ndani, haifuati ujazo. Inafuata eneo la uso. Ukuta: 2 × 3.14 × 1 × 1.80 = mita za mraba 11.30. Sakafu: 3.14. Jumla 14.44. Kwa unene wa sentimita 2 unahitaji mita za ujazo 0.29 za mchanganyiko wa simenti na mchanga. Ukichanganya simenti moja kwa mchanga tatu, ni karibu mifuko mitatu ya kilo 50. Ongeza mmoja, maana mawe yetu yana mashimo, na plasta inayotakiwa kuwa sentimita 2 hufika 4 pale jiwe lilipoingia ndani. Fundi akiipunguza ili mifuko itoshe, siterne itavuja.

Mteja anayetaka ya mraba tunamjengea, ila ajue gharama. Kwa ujazo na kimo vilevile, kila upande wa ndani utakuwa mita 1.77, na eneo la plasta litapanda hadi karibu mita za mraba 15.9. Tena pembe ndizo hupasuka kwanza. Lazima zifanywe mviringo kwa simenti.

Mchanga nao upimwe ukishamwagwa. Rundo lake ni koni: zungusha utepe chini, gawanya kwa 6.28 upate nusu kipenyo. Mzingo wa mita 9.42 unatoa 1.50. Kama kimo ni 1.20, basi 3.14 × 1.50 × 1.50 × 1.20, gawanya kwa 3: mita za ujazo 2.83. Uliyelipia mita za ujazo tano una haki ya kuuliza. Ila angalia kama mchanga una unyevu, kwani huvimba, wakati mwingine hata kwa robo, na ukikauka rundo linashuka bila mtu kuiba.

Ukija kuomba devi, tuletee kipenyo cha ndani, kimo cha ndani na idadi ya bidoni mnazotumia kwa siku.