YAH: SUICHI YENU YA KVM YA POTI 16 NA MAJIBU YA FUNDI WENU WA ZAMU

Ndugu Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti ya dhamana mliyaandika wenyewe na risiti ya EFD mliitoa wenyewe, kwa hiyo sitawachosha kwa kueleza nilichonunua. Naandika kuhusu usiku wa kuamkia siku ya mishahara, maana barua pepe zangu zote zinajibiwa na mashine ileile inayonishukuru kwa kuwasiliana nanyi.

Umeme ulikatika Morogoro, UPS zikaisha chaji, na uliporudi seva zikaanza kuwaka zenyewe. Zote isipokuwa moja, ile yenye hifadhidata ya wanachama wa SACCOS yetu. Nikiwa nyumbani Dar es Salaam, nikaingia kwa VPN, njia salama ya mtandao, kwenye suichi yenu, ile inayoniwezesha kuona skrini ya kila seva na kutumia kibodi na mausi yake nikiwa mbali, nikaikuta seva imeganda kwenye skrini nyeusi: kibodi haijaonekana, bonyeza F1 kuendelea. Nikabonyeza. Kimya. Nikahamia poti nyingine, nikarudi, nikajaribu hata kibodi ya kwenye skrini ya suichi yenyewe. Maandishi nayaona, kuyajibu siwezi.

Hiyo ndiyo kazi hasa ya kifaa hiki, na hakuna asiyejua hilo hapo kwenu. Seva ikiwa imeamka tunaingia kupitia mtandao, kwa SSH au Remote Desktop, bila kumsumbua mtu. KVM tunainunua kwa ajili ya dakika zile ambazo mfumo endeshi haujawaka na hakuna njia nyingine ya kuingia. Tena suichi ya maana huihakikishia kila seva, muda wote, kwamba kibodi na mausi vipo, hata kama mtu anatazama seva nyingine. Yenu umeme ukirudi inachelewa kuamka, seva inatafuta kibodi, haioni, inagoma.

Nikapiga namba yenu ya dharura, ile iliyochapwa ubavuni mwa boksi. Ilikuwa saa nane usiku. Fundi wa zamu akanisikiliza, kisha akasema, "Sasa si ubonyeze hiyo F1, bosi?" Nikamweleza taratibu kwamba hicho ndicho kilichonishinda. Akaniweka spika. Nikasikia mwenzake akicheka, na fundi wenu akamalizia: "Basi panda gari ukaibonyeze." Akakata simu.

Nikapanda gari. Kilomita karibu 200 kwa ajili ya kitufe kimoja. Nilipofika, wanachama walikuwa wameshapanga foleni hadi nje ya geti. Nikachomeka kibodi ya kawaida moja kwa moja kwenye seva, nikabonyeza F1, ikawaka.

Ofisa mauzo wenu alituapia kwamba suichi hii inafunguka kwenye kivinjari chochote. Ukurasa wake unadai programu-jalizi ya Java, kitu ambacho Chrome iliacha kukikubali mwaka 2015 na Firefox mwaka 2017. Imenibidi nitunze laptop kuukuu yenye kivinjari cha zamani, kisicho salama, eti ndiyo niingilie seva zenye taarifa za watu. Nilipolalamikia hilo, kitengo chenu cha ufundi kikanishauri niitoe suichi nje ya VPN na kuifungulia poti kwenye intaneti moja kwa moja. Kifaa chenye uwezo wa kuzima na kufuta seva zote! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, someni.

Kisha juzi ndiyo mnaniandikia nibadilishe mpangilio wa BIOS, programu ya awali inayoiwasha seva, ili seva isisubiri kibodi. Nilishabadilisha asubuhi ileile, kabla hata sijanywa chai. Lakini hapo mnaifundisha seva yangu kuvumilia ubovu wa suichi yenu.

Nilikusudia kuomba mnibadilishie kifaa tu. Ila kila nikikumbuka ile simu, hasira inanipanda upya. Mteja anapiga saa nane usiku, mishahara ya watu imekwama, anaongea kwa adabu, naye fundi anamweka spika ili mwenzake naye afaidi. "Panda gari ukaibonyeze." Alisema kwa sauti ya mtu anayepiga miayo, na kicheko nilikisikia hadi simu inakatika. Jina lake alikataa kulitaja. Mnarekodi simu, mnatangaza hivyo kila mtu akipiga, sikilizeni wenyewe.

Kwa hiyo sitaki tena kubadilishiwa. Nataka fedha yote irudi, pamoja na ya adapta zote za kuunganisha suichi na seva, gharama ya safari ile, na barua ya kuomba radhi yenye saini yako, Ndugu Meneja, siyo ya kitengo. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, jalada linakwenda Tume ya Ushindani, rekodi ya simu tutaidai kwa njia ya mwanasheria, na nitahakikisha kila chama cha akiba na mikopo ninachokifahamu kinapata nakala kabla hakijawalipa hata senti.

Suichi nimeshaichomoa. Ipo kwenye boksi lake, njooni muichukue kwa gari lenu.

Wako,
Ofisa TEHAMA

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi
Mwanasheria wa Chama