Harambee ya Mchakamchaka wa Usafi, Kigogo Bondeni, Dar es Salaam

Ndugu, jamaa na majirani, mlioko Kigogo na mliohamia mbali,

Kila Jumamosi alfajiri klabu yetu ya jogingi hupita mitaani kwa mchakamchaka. Zamani tulikuwa tunaziruka taka. Siku hizi tunakimbia na viroba: waimbaji mbele, waokotaji nyuma, na kila baada ya nguzo chache za umeme tunabadilishana. Ni mazoezi hasa. Chuchumaa, okota, inuka na kiroba kinachozidi kuwa kizito, kisha ushike tena mwendo wa wenzako, mapaja yatakueleza. Nchini Uswidi, Erik Ahlström aliwaanzishia watu wa Stockholm mbio za namna hii mwaka 2016, na zimeenea nchi nyingi. Sisi tumeongeza nyimbo.

Mkazi wa bondeni hahitaji kuelezwa kwa nini tunang'ang'ania mitaro. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita kwetu, unamwaga baharini karibu na daraja la Selander. Masika ikija, taka zilizoziba makalavati hurudisha maji vyumbani yakiwa yamechanganyika na ya vyooni, na hapo kipindupindu hupata njia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa za maji na pampasi bado zinatupwa mtaroni. Mafuriko yana sababu nyingine pia, kama mchanga unaojaza mto na ujenzi ndani ya bonde. Hayo hatuyawezi kwa viroba. Taka za mtaroni tunaziweza.

Mwanzoni watu walitutazama tu. Sasa wapo mama lishe wanaofunga taka zao mapema wakisikia nyimbo zinakaribia, na watoto wanatufuata wakigombea kubeba viroba. Hao watoto ndio wanaotunyima usingizi. Wanashika taka kwa mikono mitupu, na humo mna vioo na sindano. Tumewakataza kugusa chochote mpaka tupate vifaa. Kwa sasa wanakimbia na kuimba tu, nao wanauliza kila wiki lini wataruhusiwa.

Tunaomba mtuchangie shilingi 1,800,000 kabla ya masika. Zitanunua glovu nzito, za watoto zikiwemo, buti za mpira, reki, koleo, sanduku la huduma ya kwanza na guta moja, yaani chombo cha magurudumu matatu cha kubebea mizigo. Guta ndilo tunalolihitaji kuliko vyote. Leo tunakodi mkokoteni, na siku mwenyewe akipata mzigo wa sokoni, viroba vinalala barabarani, mbwa wanavichana, na kazi ya asubuhi nzima inamwagika mbele ya macho ya watu tuliotaka kuwavutia. Chupa hatuziuzi. Tunawaachia waokota chupa wanaoziuza kwa kilo, maana ndiyo riziki yao.

Asiye na fedha alete reki, viroba vitupu au miguu yake. Wazee wasiokimbia tunawaomba watusimamie pale mwisho wa mbio, kwenye kupima na kupakia.

Michango ipokelewe na mweka hazina wetu katika ofisi ya serikali ya mtaa, na kila mtoaji adai risiti. Mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa ofisi hiyo kila mwisho wa mwezi. Jumamosi tunaanza saa 12 kamili asubuhi.