Bima kubwa nayo ina eksesi, mawakala waseme

Mhariri,

Wenye magari wengi hapa Mbeya hukata bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, wakiamini kwamba gari likipata ajali kampuni italipa kila kitu. Sivyo. Mikataba ya bima kubwa huwa na eksesi, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye gari anaibeba mwenyewe, na hapo ndipo ugomvi mwingi wa madai unapoanzia.

Chukua gari la shilingi milioni 15, ambalo mkataba wake unasema eksesi ni asilimia 10 ya hasara, isiyopungua 500,000. Ukungu wa Mafinga umetanda, gari limeparamia lori lililoegeshwa: bampa, boneti, rejeta na taa mbili, matengenezo milioni 3. Asilimia 10 ni 300,000, lakini kima cha chini ni 500,000, kwa hiyo unatoa hizo na kampuni inalipa 2,500,000. Hasara ikifika milioni 8, unatoa 800,000. Mlango uliokwaruzwa na bajaji pale Mwanjelwa, wa 350,000, haufikii eksesi, hupati kitu. Na kama aliyeshika usukani ni kijana wa chini ya miaka 25 au mwenye leseni changa, mikataba mingi huongeza eksesi nyingine juu ya hiyo.

Linaloumiza zaidi ni kushusha thamani ya gari ili ada ipungue. Gari hilohilo ukilikatia bima kwa milioni 10, kwa ada ya asilimia 3.5 ya thamani, unaokoa 175,000. Lakini umekatia bima theluthi mbili tu ya gari, na kampuni hulipa kwa uwiano huohuo: hasara ya milioni 3 inahesabiwa milioni 2, ikitolewa eksesi zinabaki 1,500,000. Kwa 175,000 umepoteza milioni nzima.

Bima ndogo, ile ya lazima kisheria, humlipa uliyemgonga. Gari lako halimo. Ipo ya katikati inayoongeza moto na wizi, nayo inafaa gari kuukuu linalolala nje. Wanaovuka Tunduma au Kasumulu waombe kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya kumlipa uliyemgonga nje ya nchi, wakijua kwamba haitengenezi gari lao likiharibika Zambia au Malawi.

Madai pia hukataliwa kwa sababu ya matumizi. Gari limeandikwa la binafsi, kumbe kila siku linabeba abiria wa Tukuyu kwa nauli! Ajali ikitokea, toa taarifa polisi na kwa kampuni mapema, piga picha, usimwandikie mtu kwamba kosa ni lako, na usiruhusu fundi afungue hata boliti moja kabla mthamini hajaliona gari.

Ninachowaomba mawakala wetu ni kimoja. Karatasi wanazowapa wateja zina thamani ya gari na ada, eksesi imefichwa ndani ya mkataba wa Kiingereza. Waiandike kwa Kiswahili, kwa shilingi, pembeni ya ada. Mteja naye asilipe kabla hajaonyeshwa, na akishapewa stika ahakiki namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, siku hiyohiyo.

Mdau wa bima,
Uyole, Mbeya