Barua ya Wazi kwa Wanangu Wapiga Kiwi wa Mtaa wa Samora

Wanangu,

Juma lililopita, karibu na Sanamu ya Askari hapa Dar es Salaam, nilikaa nimevaa ndala za mwenzenu mmoja naye ameshika viatu vyangu. Alivipangusa vumbi kwa brashi, akapaka kiwi kwa kidole alichokizungushia tambara, akasugua ncha mpaka nikaona kivuli cha mkono wangu. Nilimlipa sarafu ya shilingi 500. Hakuitia hata mfukoni. Aliijumlisha na mapato yake yote ya tangu asubuhi, akamkabidhi kijana mwenye simu amwekee mkeka wa kubashiri mechi. Saa moja jioni, mechi zenyewe hazijaanza, nilimkuta akiomba nauli ya kurudi Mbagala. Nilipomkanya alinijibu, "Mzee, jero ni hela ya nini?"

Neno hilo limeniudhi, na ndilo lililonifanya niandike. Anayeweka akiba ya jero mbili, yaani shilingi 1,000, kila siku, akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ana shilingi 26,000 mwezi ukiisha na 312,000 mwaka ukiisha, bila kumwomba mtu. Mama yangu aliuza vitumbua Temeke. Kila jioni, akishatoa hela ya unga na mafuta, alitumbukiza sarafu zilizobaki katika kibubu cha mbao alichokipigilia misumari ili asishawishike kukifungua, na siku alipokivunja nilikaa naye mkekani tukizipanga kumi kumi mpaka taa ikaishiwa mafuta. Sarafu hizo ndizo zilizoninunulia sare na kunilipia ada. Mkeka wetu ulikuwa huo, wanangu, na haukuchanika. Ninyi mnasema mnacheza kidogo tu, lakini bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe ni mgongo wenu unaoinama tangu alfajiri.

Mengine mnayajua: fueni brashi zenu, tajeni bei kabla ya kuanza kazi, msimseme mteja akishaondoka.

Lakini si ninyi peke yenu mnaoidharau jero. Nimewaona watu wazima wenye suti wakinyanyuka na viatu vinavyong'aa, wakisema, "Nitakulipa kesho, dogo," na kesho yake wakapita upande wa pili wa barabara. Anayemkopa mtoto jasho lake ndiye anayemfundisha kwamba jasho hilo halina thamani. Tena miongoni mwenu wamo wasiofika miaka 14, ambayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeiweka kuwa umri wa chini wa kufanya kazi. Ada ya shule za serikali tumeiondoa, ila daftari na sare bado zinanunuliwa, na sisi tunaopita tukiwatazama hatuulizi ni nani anayezinunua.

Jumatatu asubuhi nitakuja na viatu vyangu vyeusi. Mwenzenu yule nitamlipa kabla sijavivua, na nitamletea kibubu. Misumari nitampa aipigilie mwenyewe.

Mzee wenu