Usimpe Kocha hiyo chupa

Kaka, sasa? Huku tuko salama, baridi ya Glasgow tu ndio inatumaliza, natumai nyumbani nyote wazima, msalimie Mama Chep na vijana. Naandika mbio manake ile voisi yako ya Jumamosi nimeiskiza mara tatu na imenikosesha raha. Ati wiski inanuka bendeji na dawa ya hospitali, ati mliimwagia soda ndio iteremke, na sasa unataka kumpa Kocha chupa yote. Tafadhali ndugu yangu usimpe. Soma hii kwanza.

Hio wiski, Laphroaig, niliifuata hukohuko Islay, kisiwa cha Skotilandi inakotengenezwa. Basi mpaka bandari ya Kennacraig, halafu feri kama masaa mawili, upepo wa kukung'oa kofia. Kiwanda kiko ufuoni kabisa, kuta nyeupe, jina limeandikwa kwa herufi kubwa nyeusi linatazama bahari, na kiko hapo tangu 1815. Ndani nikakuta shayiri iliyolowekwa imetandazwa sakafuni vile nyinyi mnaanika mahindi, inaanza kuchipua, na lazima igeuzwe isije ikashikana. Ikishakuwa kimea inapelekwa kwenye tanuri, na chini wanachoma mboji, ule udongo mweusi wa majani na vichaka vilivyooza karne na karne, wanaukata vipande kama matofali wanaukausha. Moshi unapanda unapita katikati ya punje. Nilipewa punje moja nikatafuna, ikaanza na utamu kidogo kama wa uji, halafu moshi, na huo moshi nilikuwa nao kwenye ulimi mpaka tumetoka nje. Basi hiyo ndio hospitali yako. Hakuna dawa iliyotiwa mle, ni shayiri, maji, hamira, na huo moshi.

Na wewe wa kukataa moshi kweli? Umesahau ile likizo ya kidato cha tatu ulinipeleka kwenu, mimi mtu wa Machakos sijawahi kuona mursik, yale maziwa yenu ya kugandisha, nyanya akanimiminia kutoka kwa kibuyu, maziwa yana rangi ya jivu na vichembe vya mkaa wa mti wa senetwet, nikapiga funda moja nikataka kutema. Wewe ndio uliniambia pole pole, usimeze haraka, ishike mdomoni kwanza. Siku ya tatu nilikuwa naomba ya pili mwenyewe. Sasa mimi nakurudishia maneno yako, kaka, pole pole.

Ijumaa usiku, ukishakula na watoto wamelala, chukua glasi ya divai, ile inabana juu kidogo, weka kama kidole kimoja, basi. Barafu hapana, baridi inafunga harufu. Iache dakika kumi. Usizamishe pua ndani, utachomwa na pombe tu usiskie kitu, leta glasi chini ya kidevu uwache mdomo wazi kidogo. Funda la kwanza liwe dogo sana, hilo ni la kuamsha mdomo, hata usilihukumu. La pili ndio ulishike, lizunguke kwenye ulimi, kisha meza utoe pumzi kwa pua. Halafu maji, maji ya kawaida, nusu kijiko cha chai, na unuse tena. Kwangu hapo ndio mlango unafunguka, bendeji zinarudi nyuma kunakuja vanila, chumvi ya baharini, kitu kama ganda la limau. Mara ya kwanza nilikaa na hio glasi saa nzima na sikuwa nimeimaliza.

Ile vanila inatoka kwa mapipa ya mwaloni yaliyobeba bourbon, wiski ya Marekani. Wale sheria yao inataka pipa jipya kila mara, kwa hivo ya zamani yanauzwa na mengi yanavuka kuja Skotilandi. Sheria ya huku inadai miaka 3 tu kwenye pipa, hio yako imekaa 10. Na kila mwaka karibu asilimia 2 inapotelea hewani, wanaiita fungu la malaika. Miaka 10 malaika wanapunguza, iliyobaki ndio umwagie soda? Hapana kaka. Soda iko na wiski zake, na ni nzuri, sina neno nazo, lakini si hii.

Kocha nampenda unajua, lakini Kocha ataimaliza kabla mechi haijaisha. Mwite akae na wewe mwonje pamoja, hapo sawa, ila chupa ibaki kwako.

Sasa nijibu. Imebaki kiasi gani, nusu ama chini? Umeiweka wapi, imesimama? Isilazwe kama divai, pombe kali inakula kifuniko cha koki, na isikae karibu na dirisha. Ulisikia nini kingine zaidi ya hospitali, hata kitu kidogo tu? Shemeji aliionja, alisemaje, yeye pua yake naiamini. Mgongo wake unaendeleaje? Na nyanya, bado anasugua vibuyu mwenyewe ama ameachia wajukuu? Nikija Agosti nataka nikute kimoja kimewekwa.

Tuma jibu Jumamosi, hata kwa voisi.

Ndugu yako